Kuku na Jogoo katika Mithali, katika Injili na Nyumbani

I.

Miongoni mwa wanyama wanaotajwa katika mithali za Kiswahili, hapana amshindaye kuku kwa ukaribu. Simba twamsikia kwa mbali, fisi hutujia usiku, na sungura twamjua zaidi kwa hadithi kuliko kwa macho. Bali kuku hulala chini ya paa letu, huchakura penye kizingiti chetu, na mtoto humjua kabla hajajua kulitaja jina la jirani. Kwa sababu hiyo mithali zimtajazo huonekana nyepesi, na mwalimu huzitumia pasipo kuzipima. Neno letu katika kurasa hizi ni kwamba wepesi huo ni wa juu juu tu, na ya kuwa mithali isiyopimwa yaweza kumdhulumu mtu nyumbani mwake.

Sababu ya kuandika ni hii. Tulihudhuria arusi katika kanisa moja la bara, na mhubiri, mtu mwenye heshima na mwenye Kiswahili kizuri, alimwambia bibi arusi kwamba kuku jike hawiki penye jogoo. Watu wakacheka, wazee wakaitikia kwa vichwa, bibi arusi akainamisha macho. Jioni ile, katika nyumba tulimokaribishwa, kuku alipakuliwa: firigisi ikawekwa mbele ya baba, mapaja yakawa ya wageni, na mama aliyepika alikula mchuzi jikoni pamoja na watoto. Hapana mtu aliyenung'unika, kwa kuwa hapana aliyeona ajabu. Lakini sisi tulikumbuka ya kuwa Bwana wetu, alipotaka mfano wa pendo lake mwenyewe, hakumchagua jogoo. Alimchagua kuku mwenye vifaranga. Basi tumeona vema kuuliza: kuku huyu ana maana gani kwa mataifa, na je, twamsoma sawasawa?

II.

Kuku si mzalia wa Afrika. Asili yake ni kuku mwitu wa misitu ya kusini-mashariki ya Asia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 wasema kwamba mifupa ya kale kuliko yote iwezayo kuhesabiwa kwa hakika kuwa ya kuku wa kufugwa ni ile iliyofukuliwa Ban Non Wat, katika nchi ya Thailand, nayo ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Kwetu Afrika ya Mashariki, mifupa iliyoonekana Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, yakadiriwa kuwa ya miaka kama 800 kabla ya Kristo. Basi kuku alikuja mgeni, akapokewa, akawa mwenyeji.

Jina lake lilitokana na sauti yake mwenyewe. Waswahili husema kuku, Waganda enkoko, Wanyarwanda inkoko, Wazulu inkukhu. Mwenye masikio husikia ndani ya maneno hayo mlio wa ndege mwenyewe. Tena Kiswahili hakikutosheka na jina moja. Aliyetoka yaini ni kifaranga. Dume asiyepevuka ni pora. Jike atagaye ni mtetea. Jike aliyekwisha kuzaa ni koo. Dume mzima ni jogoo, na wengine humwita jimbi. Ila neno kuku, likisimama peke yake, halisemi kama ni dume au ni jike. Tunamwomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana tutalihitaji mbele.

Ule ugeni wake umebaki katika mithali. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wafasiri wengi huandika maana moja tu, yaani kwamba mgeni hujulikana kwa alama yake. Maana hiyo si uwongo, lakini mwenye kufuga kuku hujua zaidi. Kamba hufungwa kwa siku chache, ili kuku aizoee nyumba na kujua mahali pa kulala, akishaizoea, hufunguliwa. Mwenye nyumba humfunga kwa kuwa ataka akae, wala si kwa kumchukia. Bibi arusi aliyeingia katika ukoo wa mumewe ni kuku mgeni wa namna hiyo, na mawifi hawakosi kumwonyesha kamba. Lakini kamba isiyofunguliwa baada ya miaka kumi si desturi ya kumpokea mgeni tena, ni kifungo. Mwalimu amalizaye mithali penye kamba, asiseme lolote juu ya kufungua, amefundisha nusu.

III.

Tumtazame jogoo kwanza, maana mataifa mengi yamemheshimu, na karibu yote kwa sababu moja: yeye hutangulia kuijua nuru. Wayahudi katika sala zao za asubuhi humhimidi Mungu aliyempa jogoo akili ya kupambanua mchana na usiku, ijapokuwa wako walifasirio neno lile kuwa ni moyo. Waislamu wana hadithi ya Mtume ya kuwa asikiaye jogoo akiwika na aombe fadhila ya Mungu, kwani jogoo amemwona malaika. Wayunani walimtoa jogoo sadaka kwa Asklepio, mungu wao wa uponyaji. Na Sokrate alipokuwa akifa kwa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo, neno lake la mwisho, kama alivyoandika Plato, lilikuwa la kumkumbusha rafiki deni la jogoo.

Wakristo nao hawawezi kumsahau, kwa ajili ya Petro. Wainjilisti wote wanne wametaja kuwika kule, na Marko asema jogoo aliwika mara mbili. Tangu karne ya 9, na yamkini kabla yake, makanisa ya Ulaya yamesimamisha jogoo wa shaba juu ya minara. Wa zamani kuliko wote waliobaki amehifadhiwa Brescia, katika Italia. Walio chini wakimtazama hukumbuka mambo mawili pamoja: ya kuwa mtume mkuu alianguka, na ya kuwa usiku wake ulikuwa na mwisho. Hapa wafasiri wa Kiswahili walipata bahati, maana zamu ya tatu ya usiku, ambayo Marko aiita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kuwika kwa jogoo, Waswahili walikuwa nayo tayari: ndiyo majogoo. Neno halikuhitaji kuundwa, lilikuwa likingoja.

Hata hivyo Waswahili, wanaomsikiliza jogoo kila siku, hawakumwabudu. Wasema, Liwike lisiwike, kutakucha. Mithali hii ina busara ambayo wenye kumtukuza jogoo mara nyingi wameikosa: yeye hutangaza asubuhi, haileti. Warumi walipotea jambo lilo hilo. Majemadari wao walichukua kuku watakatifu hata vitani, wakatazama jinsi walavyo ili kujua kama miungu yaridhia. Mwaka 249 kabla ya Kristo, karibu na Drepana katika Sicily, jemadari Publius Claudius Pulcher aliambiwa ya kuwa kuku wamekataa chakula. Akaamuru watupwe baharini wakanywe, kisha akapigana na kushindwa vibaya. Wenziwe walisema ameshindwa kwa kuwadharau kuku. Sisi twasema kwamba aliyewasadiki kuku na aliyewatupa majini wote wawili walifanya kosa moja, yaani kudhani kwamba ishara ndiyo mwenye amri.

IV.

Sasa twaja kwenye neno la mhubiri wetu. Tusidhani kwamba ni la kwetu peke yetu. Wanyarwanda wana mithali iyo hiyo, kuku jike hawiki mahali penye jogoo. Wachina wanayo tangu kale sana: katika Shujing, kitabu chao cha nyaraka za wafalme, mfalme Wu, kabla ya vita vya Muye, yapata mwaka 1046 kabla ya Kristo, alimshitaki adui yake kwamba amsikiliza mkewe, akamfananisha huyo mke na kuku jike awikaye alfajiri na kuiangamiza nyumba. Waingereza na Wafaransa nao wana misemo ya jinsi hiyo. Hatuna haja ya kudhani kwamba mmoja alikopa kwa mwingine. Mahali po pote penye banda la kuku na nyumba inayotawaliwa na mume, mtu hutazama la kwanza na kuliona la pili.

Hofu iliyo ndani ya mithali hii yaonekana wazi katika kisa cha Basel, mji wa Uswisi. Mwaka 1474 jogoo mmoja alishitakiwa ya kuwa ametaga yai, akahukumiwa, akateketezwa kwa moto mbele ya watu pamoja na yai lake. Watu walicheka baadaye, lakini siku ile hawakucheka. Waliona kana kwamba mpaka uliowekwa na Muumba umevukwa. Leo wataalamu watuambia ya kuwa kuku jike ambaye kiungo chake cha mayai kimeharibika aweza kuota manyoya ya jogoo na kuwika. Ni maradhi ya mwili, wala si uasi wala uchuro.

Basi kosa la mhubiri ni nini? Si kutumia mithali. Mithali ni chumvi ya mafundisho. Kosa lake ni kugeuza jambo la wanyama kuwa sheria ya watu, kana kwamba Mungu alitoa amri zake bandani. Kama tabia ya kuku ni sheria ya ndoa, basi na jogoo awe na wake kumi, wala asihangaike kulea. Na mhubiri hatakubali hilo. Amechagua unyoya mmoja, akaiacha ndege nzima. Katika Rwanda mithali hii ilisikiwa sana, wala haikuzuia katiba ya mwaka 2003 kuagiza kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Na tangu uchaguzi wa mwaka 2008 wao ni zaidi ya nusu ya wabunge wa baraza la chini. Mithali haikufutwa, iliambiwa tu mahali pake pa kukaa.

Tena kama twataka jogoo awe mfano wa baba, na tumchukue mzima. Wachina wa kale walihesabu fadhila tano za jogoo, nazo ni hizi: kilemba chake ni heshima ya elimu, makucha yake ni silaha, hupigana na adui aliye mbele yake, hushika saa bila kukosa, na aonapo chakula huwaita wengine. Fadhila hii ya mwisho ndiyo wema. Mwenye kufuga kuku hahitaji Mchina kumwambia: jogoo akiona punje huitoa sauti ile ya chini ya upesi upesi, huiokota na kuiangusha, na majike huja wakaila. Mara nyingi yeye mwenyewe haonji. Tunawauliza wazee walioitikia kwa vichwa: huyu jogoo yuko wapi siku firigisi inapopakuliwa?

V.

Maana jambo hili halikuishia katika maneno; liliingia chunguni. Katika Buganda ya zamani mwanamke aliyeolewa alikatazwa kula kuku na mayai. Yeye ndiye aliyempika kuku na kumpeleka kwa mumewe, wala hakuonja. Miiko ya jinsi hiyo ilikuwako pia kwa Waluhya na kwa makabila mengine mengi ya Afrika ya Mashariki, na firigisi ilikuwa haki ya mwenye mji. Hatusemi kwamba desturi hizi hazikuwa na uzuri wake. Katika arusi ya Kiganda jogoo hupewa ndugu wa bibi arusi, na kwa jogoo huyo koo mbili hukiri ya kuwa zimepatana. Hili ni jambo jema, nasi hatutaki lipotee. Lakini yatupasa kutofautisha kati ya kipande kinachotoa heshima na mwiko unaomnyima mtu chakula.

Maana ni nani aliyekatazwa yai? Mara nyingi ni mwanamke mwenye mimba, na mtoto mdogo, yaani wale wawili ambao mwili wao huhitaji kujengwa kuliko mwingine wo wote. Walitishwa kwa sababu mbalimbali: mtoto atazaliwa bila nywele, mtoto atakuwa mwizi. Miiko hii imelegea sana, na mahali pengi imekwisha. Lakini mahali pengine mwiko umekufa na ugawaji umebaki, na mama hula cha mwisho ijapokuwa hapana tena amwambiaye kwa nini. Mwalimu aulizaye darasani juu ya vyakula vyenye nguvu, na kuandika yai ubaoni, asisahau kuuliza ni nani aliye nalo sahanini.

Na tena, kuku ni wa nani? Katika nyumba nyingi ng'ombe ni wa baba, na kuku ni wa mama na watoto. Mayai huuzwa kwa ajili ya chumvi, sabuni na daftari. Mithali yenye uchungu yasema kwamba kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Watu huisoma kama maneno juu ya bahati mbaya. Sisi twaisikia zaidi kama sauti ya mwanamke ambaye benki yake ni tenga la kuku, na kideri kimepita kijijini.

VI.

Hapo ndipo Injili yapata nguvu. Mathayo katika sura ya 23 na Luka katika sura ya 13 wamehifadhi maneno ya Bwana wetu juu ya Yerusalemu, ya kwamba mara nyingi alitaka kuwakusanya watoto wake kama kuku akusanyavyo vifaranga chini ya mbawa, nao hawakutaka. Tutazame jinsi Luka alivyoyapanga. Aya mbili kabla ya hapo Bwana amemwita Herode mbweha. Msikilizaji ye yote aliyefuga kuku angetazamia kwamba atakayemkabili mbweha ni simba, au tai wa Kumbukumbu la Torati abebaye makinda juu ya mbawa zake. Badala yake Bwana ajiita kuku. Mbweha yuko mlangoni, na mtetezi wa nyumba ni ndege asiye na meno wala makucha, ambaye silaha yake ni kuufunua mwili wake juu ya wadogo na kukaa.

Katika Kiyunani jambo hili li wazi zaidi kuliko kwetu, maana neno litumikalo lafuatwa na kiwakilishi cha kike: ni mama, na vifaranga ni vyake yeye mama. Kiswahili hakipambanui kike na kiume katika neno kuku, wala katika neno yake, wala katika vyake. Hili si upungufu wa lugha yetu. Mara nyingi ni neema. Lakini hapa maana yaweza kumpita msomaji, naye akasoma miaka arobaini asitambue kwamba Bwana amejifananisha na mama. Fasiri yaweza kubaki kama ilivyo. Ila mwalimu na alitamke: ni koo, ni kuku mwenye vifaranga.

Mtakatifu Augustino aliliona. Aliwaambia watu wake wa Hippo, katika Afrika ya Kaskazini, kwamba ndege wengine twawajua kuwa ni wazazi tuwaonapo penye kiota tu, bali kuku hudhoofika pamoja na walio dhaifu. Sauti yake hukwaruza, manyoya husimama, mbawa hushuka, hata ukimwona bila vifaranga wajua kwamba huyu ni mama. Ndivyo, alisema, Kristo alivyojidhoofisha kwa ajili yetu. Na mtu apandaye leo Mlima wa Mizeituni ataona katika kanisa la Dominus Flevit, lililojengwa na Antonio Barluzzi kati ya miaka 1953 na 1955, picha ya vijiwe mbele ya madhabahu: kuku amekunjua mbawa, na vifaranga chini yake.

Waswahili nao walikuwa wamekwisha sema ya kuwa kuku mwenye watoto halengwi jiwe, na ya kuwa kuku havunji yai lake. Twaona ajabu kwamba mithali hizi mbili, zilizo karibu sana na Injili, husikiwa kwa nadra katika mahubiri ya arusi, na ile ya kuwika haikosi.

VII.

Imebaki mithali moja ambayo waalimu wenzetu huipenda: Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Huitumia kwa kumsifu mtoto afuataye kazi ya wazazi. Na wengine, tumewasikia, huitumia kwa kujisamehe wasipomfundisha aliye mzito. Mtazame kuku tena. Ni kweli ya kuwa kifaranga huchakura kwa asili. Lakini kile kipasacho kuliwa hujifunza kwa mama yake, ambaye humwita, huokota punje, huiangusha, huiokota tena. Hata kabla ya siku ya 21, angali ndani ya yai, kifaranga hulia, na mama humjibu. Mafundisho yameanza kabla ya ganda kuvunjika. Miguu alipewa na Muumba. Chakula huonyeshwa na mama.

Tangu siku za W. E. Taylor, aliyechapa mkusanyo wake wa mithali za Waswahili mwaka 1891, vitabu vya mithali vimekuwa vingi, nasi twavishukuru. Lakini vimetuzoeza kuona maana moja imeandikwa mbele ya kila mithali, kama bei mbele ya bidhaa. Mithali haina bei moja. Ilinenwa na fulani kwa fulani, siku fulani, penye shida fulani. Na mwenye kuitumia upya hana budi kujibu kwa ajili ya matumizi yake. Aulize basi ni nani aliyeicheka na ni nani aliyeinamisha macho. Tena atoke nje akamtazame kuku mwenyewe, maana mara nyingi ndege ana haki kuliko mithali yake.

Yule mhubiri tulizungumza naye siku ya pili, kabla ya kuondoka. Hakukasirika. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba mithali ile aliipokea kwa babaye, na ya kuwa mamaye alikuwa akila jikoni. Tukamwuliza kama aliwahi kumpelekea firigisi. Akajibu kwamba mama yake angali hai.